Sumu ya kiwandani haiishii getini: vibarua, familia zao na majirani wa viwanda tukutane hapa

#1 Mkaguzi Mstaafu

Wakuu, habari za muda huu.

Nimekagua usalama viwandani kwa miaka mingi, sasa nimepumzika, na kuna jambo naona watu wanalijua nusu. Ukitaja taka zenye sumu, mtu anawaza tangi limelipuka, moshi umefunika mtaa, samaki wanaelea. Hayo yapo. Ila sumu inayomaliza wafanyakazi wengi na majirani wa viwanda haina kelele. Inaingia kidogo kidogo, mtu anakula vizuri, anakwenda kazini, anazaa, na siku ugonjwa unapojitokeza kiwanda kilishauzwa au kufungwa. Daktari anakuuliza unavuta sigara au huvuti. Hakuulizi ulikuwa ukifanya kazi gani miaka ishirini nyuma.

Ndiyo maana mimi huzigawa mafungu mawili, za papo kwa papo na za taratibu. Kinga yake si moja, na dalili zake hazifanani hata kidogo.

Nianze na za papo kwa papo kwa kuwa hizi hazisubiri. Gesi ya salfidi ya hidrojeni, ile inayonuka mayai viza, hupatikana kwenye mashimo ya majitaka, matangi ya viwanda vya ngozi na karatasi, visima vya mafuta, popote uozo ulipofungiwa bila hewa. Ikiwa kidogo tu pua inaidaka. Ikifika kama sehemu 100 kwa milioni na kuendelea, inaua uwezo wa kunusa. Harufu inakata, mtu anasema "imeisha, shuka", kumbe ndiyo imejaa. Ikifika sehemu 500 hadi 1,000 mtu anaanguka baada ya pumzi chache. Halafu hutokea kitu ambacho kila mkaguzi anakijua: mwenzake anamwona kaanguka, anashuka kumtoa, anaanguka juu yake, na wa tatu anafuata. Shimo moja linatoa maiti tatu na wawili kati yao walikuwa waokoaji. Kitambaa kilicholowekwa maji hakisaidii kitu pale. Haingii mtu shimoni mpaka hewa imepimwa kwa kifaa, hewa safi imepulizwa ndani, na anayeshuka amefungwa kamba inayoshikiliwa na mtu aliye juu. Akianguka, anavutwa kwa kamba hiyo.

Kwa upande wa jamii, mfano mkubwa ni Abidjan, Agosti 2006. Taka za meli Probo Koala, zaidi ya tani 500, zilimwagwa usiku sehemu mbalimbali za jiji. Watu waliamka na harufu, macho yanawaka, wanatapika, wengine damu zinatoka puani. Zaidi ya watu 100,000 walikwenda kutafuta matibabu, na serikali ya Cote d'Ivoire ikahesabu vifo visivyopungua 15. Hapo angalau kila mtu aliona na kunusa, hakuna aliyeweza kusema ni uzushi.

Za taratibu ndizo ninazotaka tuziongee zaidi: risasi (ile metali, si ya bunduki), zebaki, kadimi (metali ya kupakia vyuma visishike kutu), asbesto (nyuzi za mawe zilizotiwa kwenye mapaa na mabomba), vumbi la silika (la mawe na mchanga), benzini (kimiminika kitokanacho na mafuta ya petroli). Hizi nyingi hazina harufu ya kukustua. Karibuni, ulizeni, na wenye uzoefu wa kazi hizi semeni mnachokiona.

#2 Kijana wa Betri

Shikamoo mkuu. Mimi nipo kwenye betri za magari, zile za asidi. Tunazivunja kwa shoka, tunamwaga tindikali, tunatoa sahani, tunayeyusha. Sisi tunachoogopa ni tindikali maana ile inatoboa nguo na kuchoma. Risasi yenyewe sijaona ikimuumiza mtu, tunaishika kila siku. Ila siku hizi tumbo linanisokota sana, choo sipati, na mikono naona imelegea, koleo linaniponyoka. Nimeambiwa ni vidonda vya tumbo nimepewa dawa.

#3 Mkaguzi Mstaafu

Marahaba kijana. Nikuambie wazi: usimalize wiki hii hujapima risasi kwenye damu. Tumbo la kusokota, kufunga choo, na mikono kulegea hasa kwenye kiwiko cha kiganja, vikija pamoja kwa mtu anayeyeyusha betri, vina jina tangu zamani. Sisemi huna vidonda vya tumbo. Nasema daktari hawezi kukuwazia risasi kama hujamwambia unashika nini mchana kutwa. Mwambie.

Tindikali inakuogopesha kwa kuwa inauma, na maumivu yanakufanya uondoe mkono. Risasi haiumi. Tazama mikono yako ukitoka kuvunja sahani: ule unga wa kijivu kwenye mikunjo ya vidole na chini ya kucha. Huo ndio njia ya kwanza. Unawasha sigara kwa vidole hivyo, unamega chakula, unajifuta jasho mdomoni. Njia ya pili ni mvuke wa tanuri na vumbi ukifagia sakafu kavu. Ukifika ndani ya mwili, risasi inajifanya kalsiamu, kwa hiyo mwili unaipokea na kuipeleka kwenye mifupa. Kwa mtu mzima zaidi ya asilimia 90 ya risasi yote mwilini iko mifupani, na inakaa huko miongo. Mifupa ni ghala. Unaweza kuacha kazi leo na ghala likaendelea kutoa mzigo kwenye damu kwa miaka. Kwa mwanamke hutoka zaidi akiwa mjamzito au akinyonyesha, na mtoto tumboni anapokea.

Inachoharibu: utengenezaji wa damu, figo, presha, mishipa ya fahamu, nguvu za kiume pia kwa wanaotaka kusikia hilo. Kwa watoto ni ubongo, na ubongo haurudi. Mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kwa kiasi kilekile alichomeza, na yeye ndiye anayetambaa sakafuni na kutia vidole mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, na linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa mtu akifikisha mikrogramu 5 kwa desilita ya damu.

Sasa sikiliza hili kwa makini, maana nimeliona likichezewa. Risasi ya kwenye damu hupungua nusu kwa takriban mwezi mmoja ukikaa mbali nayo, ingawa kwa aliyefanya kazi miaka mingi hushuka polepole zaidi kwa sababu ya ile ya mifupani. Kuna wasimamizi wanaolijua hilo. Mtu anapewa likizo ndefu, anaporudi tu anapelekwa kupimwa, majibu yanatoka mazuri. Pima ukiwa kazini. Na damu itolewe kwenye mshipa wa mkono. Ya kutoboa kidole inaweza kusoma risasi iliyoko kwenye ngozi yako badala ya iliyoko ndani. Nakala ya majibu ni yako, idai.

Na kama una watoto nyumbani, wapimwe nao. Hapa ndipo sumu inavuka geti. Ovaroli unayorudi nayo, viatu, nywele, kiti cha pikipiki, kote kuna unga ule.

#4 Kijana wa Betri

Mkuu umenitisha kweli. Mke wangu ndiye anafua hizo ovaroli, na mdogo wetu anatambaa. Nikipima ikaonekana ipo juu si nitapewa dawa ya kuitoa?

#5 Mkaguzi Mstaafu

Dawa zipo, ila zina masharti. Mwaka 2010 huko Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, watu walikuwa wakisaga mawe ya dhahabu majumbani, na mawe yale yalikuwa na risasi nyingi. Walikufa watoto zaidi ya 400. Madaktari Wasio na Mipaka (Médecins Sans Frontières) walipokwenda kutibu, watoto hawakuanza kupewa dawa ya kuvuta risasi mpaka udongo wa kijiji chao uwe umeondolewa. Kwa sababu gani? Ukimvuta mtoto risasi mwilini ukamrudisha kwenye uwanja uleule, anajaza upya. Dawa zenyewe hutolewa hospitali kwa kiwango cha juu, kwa watoto kawaida kuanzia mikrogramu 45 kwa desilita ya damu, chini ya uangalizi. Hazinunuliwi dukani ukajimezesha.

Kwa hiyo ovaroli ibaki kazini leo leo. Oga kabla ya kuondoka, badili hadi viatu. Zikilazimika kufuliwa nyumbani, zisikung'utwe, zifuliwe peke yake, na maji yasimwagwe mtoto anapochezea. Sakafu ipigwe deki kwa maji, isifagiliwe kavu. Kuhusu kuvunjia betri uani kwa mtu, naomba tusibishane: Thiaroye-sur-Mer nchini Senegali, kati ya mwishoni mwa 2007 na mapema 2008, watoto 18 walikufa ndani ya miezi michache pale watu walipokuwa wakichekecha udongo wa betri ili wauze risasi yake.

#6 Mchomeleaji

Uzi mzito huu. Mimi fundi wa kuchomelea. Sisi dawa yetu ni maziwa, ukishachoma mabati ya zinki unakunywa maziwa, usiku homa ikija asubuhi imeisha. Wazee wetu wa kazi wote wametufundisha hivyo na inafanya kazi, tusidharau.

#7 Mkaguzi Mstaafu

Simdharau mtu, na maziwa ni lishe nzuri. Hata Wasovieti waliwapa wafanyakazi wao maziwa kwa mujibu wa sheria. Lakini yanaingia tumboni, na mvuke wako umeingia mapafuni. Havikutani.

Kinachokupata ni homa ya mvuke wa metali. Unachomelea mchana, saa chache baadaye mwili unatetemeka, koo kavu, ladha ya chuma mdomoni, viungo vinauma utadhani malaria. Homa hii inaisha yenyewe ndani ya siku moja au mbili, unywe maziwa, unywe chai, usinywe kitu. Kwa hiyo mwenye maziwa anapona na kuyashukuru maziwa.

Mimi ubaya wake nauona kwingine. Siku moja unachoma kitu chenye kadimi, mfano boliti zilizopakwa kadimi au madini ya kulehemu yenye kadimi ndani. Mwanzo unafanana kabisa: koo, homa, kutetemeka. Unakunywa maziwa unalala ukingoja asubuhi. Hii haiishi, siku ya pili mapafu yanajaa maji na mtu anaweza kufa. Ukiwa na homa baada ya kuchomelea halafu pumzi inazidi kubana badala ya kuachia, usingoje kesho, nenda hospitali na useme ulichomelea nini. Kinga ni kupangua ile rangi ya juu kabla ya kuchoma, kufanyia nje au penye feni inayovuta moshi kutoka usoni, na barakoa ya kichujio cha mvuke wa metali. Barakoa za karatasi za hospitali hazifanyi kazi hiyo. Hata ile nzuri ikikaa juu ya ndevu inavuja pembeni.

#8 Nzi wa Kijani

Mnapenda kutisha watu humu. Babu yangu kakata asbesto maisha yake yote, bila barakoa bila nini, kafa ana miaka themanini na kitu. Kila kitu siku hizi kansa kansa. Watu wataacha kazi wafe njaa ndiyo mtafurahi.

#9 Mkaguzi Mstaafu

Nzi, babu yako apumzike pema. Hata wavutaji sigara wapo waliofika themanini. Asbesto haiui kila anayeigusa, ingekuwa hivyo ingegundulika mapema na ingepigwa marufuku mapema. Inachofanya ni kuongeza idadi ya watakaougua, na inachelewa mno: saratani ya utando wa mapafu, mesothelioma, hujitokeza kwa kawaida miaka 20 hadi 50 baada ya kuvuta nyuzi zake. Kijana aliyekata mabomba akiwa na miaka 20 anaumwa akiwa na 60, anaambiwa ni uzee.

Na swali langu kwako lisingekuwa babu, lingekuwa bibi. Nani alikuwa akikung'uta ile koti yake nyeupe vumbi? Wapo wanawake wengi duniani waliopata mesothelioma bila kukanyaga kiwandani, kazi yao ilikuwa kufua. Mwaka 1960 Wagner na wenzake walichapisha taarifa ya wagonjwa kutoka migodi ya asbesto ya Cape, Afrika Kusini, na miongoni mwao walikuwemo watu waliokuwa wakiishi jirani na migodi tu, wengine tangu utotoni.

Kuhusu sigara, kwa kuwa wapo wanaoitupia lawama zote. Utafiti maarufu wa wafanyakazi wa asbesto wa Marekani ulionyesha hivi kwa saratani ya mapafu: asbesto bila sigara, hatari mara 5 hivi, sigara bila asbesto, mara 11 hivi, vyote viwili, zaidi ya mara 50. Haijumlishwi, inazidishwa. Kwa hiyo anayekuuliza kama unavuta sigara hajakosea, amekosea anapoishia hapo. Mesothelioma yenyewe haina habari na sigara.

Njaa nakubaliana nawe, ni hoja ya kweli na sina majibu mepesi. Sijamwambia mtu aache kazi. Nimesema ovaroli isiende nyumbani na sakafu ilowekwe maji kabla ya kufagia. Hayo hayamfukuzishi mtu kazi.

#10 Ngozi na Chumvi

Nimeona mkuu kagusa viwanda vya ngozi, nichangie. Kule kuna kromi. Ile inayotumika kwenye kuivisha ngozi kwa kawaida si mbaya kama ile ya valensi sita, aina kali zaidi ya kromi, inayotumika kung'arisha vyuma, ila nimefanya kote kuwili. Kwenye kung'arisha vyuma tulikuwa na mzee tunamtania anaweza kupitisha kijiti tundu moja la pua kikatokea la pili. Tulikuwa tunacheka kabisa. Ukuta wa katikati ya pua ulikuwa umetoboka na yeye hakusikia maumivu. Vidonda vya duara mikononi navyo tulivizoea, vinachimbika kama tundu na havifungi upesi. Hakuna aliyetuambia kitu.

#11 Mkaguzi Mstaafu

Asante sana mkuu. Pua iliyotoboka ni ishara kwamba watu wa pale wanaingiwa na kromi ileile inayoleta saratani ya mapafu kwa wanaoivuta kwa miaka. Kwa hiyo mzee yule alikuwa anawapa majibu ya kipimo bure. Mkaguzi mwenye akili akifika karakana ya kung'arisha vyuma huanza na pua za watu kabla ya kufungua mafaili ya ofisini.

#12 Bi Mkubwa wa Bondeni

Mimi si mfanyakazi, ni jirani. Tupo chini ya kiwanda, mto unapita kwetu na visima vyetu viko karibu. Maji siku nyingine yana rangi, siku nyingine meupe kabisa hayana shida. Tunachemsha. Je, inatosha? Na kiwanda kingine cha zamani kilishafungwa, watoto wanachezea pale maana ni uwanja mzuri.

#13 Mkaguzi Mstaafu

Shikamoo mama. Kuchemsha kunaua vijidudu. Risasi, kadimi, zebaki, aseniki haziuliwi na moto. Maji yakipungua kwenye sufuria, zenyewe zinabaki palepale na kiasi chake kwa kila kikombe kinapanda. Wala maji meupe si ushahidi wa usalama. Maji ya kisima yapimwe maabara kwa metali, na uwaambie kiwanda kinatengeneza nini ili wajue cha kutafuta. "Pimeni maji" bila kusema hivyo, utapimiwa vijidudu utaambiwa yapo safi.

Rangi kuja siku fulani fulani ina maana yake. Andikeni tarehe na saa. Viwanda vingine hufungulia usiku, mvua ikinyesha, au siku ambazo ofisi hazifanyi kazi. Anayekuja kuchukua sampuli mchana wa jua atachukua maji ambayo nayo ni ya kweli, ila si yale mnayokunywa.

Nikupe kisa cha Minamata, Japani, kwa sababu kinafundisha kuhusu majirani kuliko vyote. Kiwanda cha Chisso kilikuwa kikimwaga majitaka yenye zebaki kwenye ghuba. Zebaki hiyo ikapanda kutoka wadudu wa majini hadi samaki. Paka wa wavuvi walianza kuyumba, kuzunguka, kujitupa baharini. Mwaka 1956 watu nao wakaripotiwa rasmi: mikono inatetemeka, uwezo wa kuona unabanwa pembeni, kauli haitoki. Mwaka 1959 daktari wa hospitali ya kiwanda chenyewe, Hosokawa Hajime, alimlisha paka majitaka ya kiwanda na paka akaugua vilevile. Paka yule aliandikwa namba 400. Uongozi ulimzuia kutangaza, na umwagaji uliendelea hadi 1968. Miaka tisa mama, na jibu lipo kabatini.

La pili la Minamata ni watoto. Wakati ule wataalamu wengi walidhani kondo la nyuma linamkinga mtoto. Zebaki ile ilipita kwenye kondo na kujikusanya kwa mtoto zaidi ya mama, kukawa na akina mama wenye ganzi kidogo tu vidoleni waliozaa watoto walioathirika vibaya sana ubongo. Kwa hiyo mjamzito kujisikia mzima hakumwambii mtu chochote kuhusu mtoto.

Kuhusu kile kiwanda kilichofungwa, watoto waondoke pale. Metali haziozi. Mgodi na tanuri la risasi la Kabwe, Zambia, vilifungwa mwaka 1994, na watoto waliozaliwa miaka mingi baadaye wanakutwa na risasi nyingi kwenye damu kutokana na udongo na vumbi. Hata nchi tajiri zimeangukia humo. Love Canal, jimbo la New York, kampuni ya kemikali ilifukia tani kama 20,000 za taka kuanzia miaka ya 1940, ikafunika udongo, na mwaka 1953 ikaiuzia bodi ya shule eneo hilo kwa dola 1. Shule ikajengwa, nyumba zikajengwa. Mwaka 1978 watu wakaanza kuhamishwa, kemikali zimeshaingia vyumba vya chini. Uwanja mzuri mtupu pembeni ya kiwanda cha zamani ni wa kuuliza kwanza kwa nini hakuna aliyejenga.

#14 Kibarua wa Zamu ya Usiku

Haya yote sawa lakini mkuu huku chini hali unaijua. Ukiuliza hiki kwenye pipa ni nini unaambiwa wewe umekuja kufanya kazi au kusoma. Wa kwanza kulalamika wa kwanza kufutwa jina, maana hatuna mikataba. Tufanyeje sisi?

#15 Mkaguzi Mstaafu

Hapo ndipo penyewe, na sitakudanganya kwamba sheria pekee itakulinda kesho asubuhi. Lakini anza na vitu ambavyo havihitaji ruhusa ya mtu.

Soma alama kwenye pipa. Zile za umbo la almasi lenye ukingo mwekundu ni za dunia nzima. Fuvu na mifupa miwili ni sumu ya haraka. Watu wote wanaliogopa fuvu. Ipo nyingine wanaipita bila kuitazama: kifua cha mtu chenye mpasuko wa nyota katikati. Hiyo ndiyo ya taratibu: saratani, uzazi, mapafu, viungo vya ndani. Benzini ina hiyo. Piga picha lebo yote, jina la kemikali likiwemo. Kila kemikali ina karatasi yake ya usalama yenye sehemu 16. Ya 4 ni huduma ya kwanza, ya 8 ni vifaa vya kujikinga, ya 11 ni madhara kwa mwili. Ukiwa na jina tu, unaweza kuitafuta mwenyewe bila kumuuliza msimamizi.

Kisha weka daftari. Ulianza lini, idara gani, ulishika nini, nani mlikuwa naye zamu, dalili gani na siku gani. Nakala za majibu ya hospitali humo humo, na daftari likae nyumbani. Linaonekana kazi ya karani, lakini nimeona watu wakinyimwa fidia si kwa sababu hawaumwi, bali kwa kuwa hawakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha waliwahi kufanya kazi pale. Kwa kibarua asiye na mkataba, picha za lebo na majina ya wenzake wa zamu ndiyo mkataba wenyewe.

Tatu, msiende mmoja mmoja. Mtu mmoja anaumwa kichwa, ni kichwa chake. Tisa wa idara moja wanaumwa kichwa kila wakifungua tangi lilelile na wanapona siku za mapumziko, hapo kuna jambo, na hata daktari asiyejua kiwanda analiona. Kupona ukiwa mbali na kazi ni dalili kubwa, iandikeni.

Sheria ya kimataifa ipo. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1981, unataka mfanyakazi aliyejiondoa kwenye kazi kwa sababu ya msingi ya kuamini kuna hatari kubwa ya karibu kwa maisha au afya yake asiadhibiwe isivyostahili. Tangu 2022 mazingira salama ya kazi yamo kwenye haki za msingi za shirika hilo. Muda wake ni mrefu, hilo kweli. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifungwa 2014 baada ya wakazi kuathirika na risasi. Aliyeanza kuuliza maswali, Phyllis Omido, alikuwa mfanyakazi wa hapo hapo, mtoto wake mchanga aliugua na vipimo vikaonyesha risasi. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, rufaa ikaipangua 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Kilichowabeba ni majibu ya damu na vipimo vya udongo vilivyochukuliwa mapema. Hasira bila vipimo isingefika hata mahakama ya kwanza.

#16 Mchomeleaji

Nimekubali kuhusu maziwa mkuu, hahaha. Swali la mwisho: mtu akimwagikiwa kemikali, sisi huwa tunatia limao kama ni soda kali, au tunatia magadi kama ni tindikali ili ziuane. Ni sawa?

#17 Mkaguzi Mstaafu

Usifanye hivyo. Zinapouana zinatoa joto, unamuunguza mara ya pili. Ni maji mengi safi yanayotiririka, dakika 20 na zaidi, huku nguo zilizolowa zikivuliwa wakati maji yanaendelea. Kama ni unga mkavu kama chokaa, upukute kwanza ndipo uoshe. Jicho lishikiliwe wazi kwa vidole, maji yatoke upande wa pua kwenda nje yasiingie jicho la pili lisiloumia. Soda kali usiipime kwa maumivu: huwa hailii sana mwanzoni kama tindikali, lakini inaendelea kuzama kwenye nyama na jicho linapotea. Aliyemeza kemikali asitapishwe, maana itachoma tena ikirudi.

Moja ina utaratibu wake, nayo ni tindikali ya haidrofloriki, inayotumika kuchora vioo na kwenye baadhi ya dawa za kuondoa kutu. Inaweza isiume kwa saa kadhaa, na inanyonya kalsiamu ya damu mpaka moyo unasimama, hata kwa kipande kidogo cha ngozi. Baada ya kuosha hupakwa jeli ya kalsiamu glukonati, na mtu anapelekwa hospitali hata kama anasema hajisikii kitu. Karakana inayotumia hiyo tindikali na haina jeli hiyo ukutani haifai kufunguliwa siku hiyo. Na yeyote anayempeleka mgonjwa abebe lebo ya chupa au picha yake. Daktari akijua jina tu, anaokoa nusu saa ya kubahatisha.